Jumamosi Sokoni: Kabla Hujabeba Beseni, Piga Hesabu

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa familia tunazungumzia soko. Hatuzungumzii biashara ya wakubwa wenye magari na maghala, hapana. Tunazungumzia lile soko la Jumamosi na Jumapili, ambako mama anatandika gunia chini, anapanga mafungu yake ya nyanya, na jioni anarudi nyumbani na sabuni, chumvi na kitu kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya kitenge.

Sisi walimu wa kujitolea tumeulizwa jambo hili mara nyingi na wazazi wa darasa la jioni. Wengi wanajua kulima, tena wanajua kuliko sisi. Wamelima Masisi, wamelima Rutshuru, wamelima Burundi na Rwanda. Lakini kulima ni kazi moja na kuuza ni kazi nyingine. Mtu anaweza kutoa beseni zuri la nyanya shambani, akalipeleka sokoni, akauza lote, na bado akarudi nyumbani bila faida. Kwa nini? Hilo ndilo tunalotaka tulielewe pamoja leo.

KWA NINI TUNASEMA HAYA SASA

Kila mtu hapa anajua hali ya mgao. Aprili 2020 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwanzoni mwa 2021 ukashuka tena hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Julai 2023 tukagawanywa katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye orodha. Mwaka 2025 wakaondolewa wengine wengi zaidi, karibu watu milioni moja katika Uganda nzima. Familia ambazo zamani zilingoja siku ya mgao sasa hazina siku ya kungoja.

Sisi walimu tunaiona shida hii mapema, maana inaingia darasani. Mtoto anasinzia saa nne asubuhi. Mtoto mwingine daftari limejaa na hajapata jingine. Basi mtu akisema kwamba soko la wikendi ni mambo madogo madogo, tunamjibu kwamba daftari ni kitu kidogo pia, lakini bila daftari mtoto hasomi.

Na hapa Uganda tuna bahati ambayo wenzetu wa nchi nyingine hawana. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea. Hakuna anayekukataza kuuza mboga zako. Ukitoka nje ya makazi kwenda Kabingo au Mbarara, beba kitambulisho chako, na kama kuna ruhusa inayotakiwa, muulize mwenyekiti wako wa RWC kabla ya kuondoka.

ANZA NA KWENDA MIKONO MITUPU

Wengi wanaanza kwa kubeba mzigo. Sisi tunashauri uanze kwa kubeba karatasi. Jumamosi ya kwanza nenda sokoni bila kitu cha kuuza. Tembea polepole, angalia, uliza. Andika mambo matatu: kitu gani kinauzwa, watu wangapi wanakiuza, na bei yake asubuhi na jioni. Ukikuta watu 20 wanauza nyanya na wawili tu wanauza bilinganya, umeshajifunza kitu. Ukikuta fungu la nyanya la elfu moja asubuhi limekuwa mia tano saa kumi na moja jioni, umejifunza jingine.

Siku hiyohiyo mtafute mwenyekiti wa soko. Muulize ushuru ni kiasi gani, nani anaukusanya, na je, anatoa risiti? Uliza pia nafasi ipi iko wazi. Usije siku ya pili ukatandika gunia mahali pa mtu aliyekaa hapo miaka mitano, ukaanza biashara na ugomvi.

UZA KINACHOLIWA NA JIRANI

Nakivale ni kama dunia ndogo. Hapa kuna Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na wenyeji wetu Wanyankore. Kila kabila na sufuria yake. Anayetaka kuuza aangalie sufuria za watu.

Wilaya yetu ya Isingiro ni wilaya ya ndizi. Mwenyeji ana matoke yake nyuma ya nyumba, kwa hiyo ukimpelekea matoke unampelekea maji mtoni. Lakini Wakongomani wengi wanatafuta sombe, na hasa sombe iliyokwisha kutwangwa, maana kutwanga ni kazi na si kila nyumba ina kinu. Wanatafuta matembele. Warundi na Wanyarwanda nao wanakula sombe na lengalenga. Lengalenga hiyo Waganda wanaiita dodo, na Watanzania wanaiita mchicha. Majina ni mengi, mboga ni ileile. Ndugu zetu Wasomali wa Base Camp wanahitaji vitunguu, nyanya, ndimu na pilipili kwa wali na pasta.

Ukiuza sombe, mwambie mnunuzi, hasa kijana asiyeijua, kwamba ni lazima ichemshwe sana. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, na moto wa muda mrefu ndio unaoiondoa.

SAFARI NI ILEILE

Sasa tufike kwenye hesabu, ambako ndiko wengi wanapotea. Chukua kalamu. Bei tunazotoa hapa ni za mfano tu, wewe utaweka za kwako.

Tuseme Mama A ana beseni moja la nyanya. Dalali amekuja shambani na kumwambia, "Mama, nakupa 8,000, nalibeba lote." Mama A anakataa. Anasema atakwenda mwenyewe sokoni akapate zaidi. Anafika, anatengeneza mafungu 18. Anauza 12 kwa 1,000, na jioni anauza 6 yaliyobaki kwa 500. Jumla 15,000. Anafurahi, ameshinda dalali!

Lakini tuangalie alichotumia. Bodaboda kwenda na kurudi 4,000. Ushuru 1,000. Chai na chakula 2,000. Kavera za kufungia 500. Jumla 7,500. Ukitoa 7,500 katika 15,000, anabaki na 7,500. Dalali alimpa 8,000 akiwa amekaa nyumbani! Mama A amepoteza 500 na siku nzima.

Je, tunasema dalali ndiye bora? Hapana. Tumwangalie Mama B. Yeye ana beseni lilelile la nyanya, lakini amebeba pia mafungu 24 ya lengalenga. Bodaboda ni ileile, ushuru ni uleule, chakula ni kilekile. Anauza mafungu 20 ya lengalenga kwa 500, anapata 10,000. Manne yanabaki, yanaliwa nyumbani. Na nyanya zake 15,000. Jumla 25,000. Toa 7,500, anabaki na 17,500. Hata akitoa 4,500 ya mbegu na dawa, ana 13,000 mkononi.

Umeona tofauti? Nyanya ni zilezile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni mzigo. Safari ya soko ina gharama yake, na gharama hiyo haijali kama umebeba beseni moja au matatu. Kwa hiyo somo letu la leo ni hili: usiende sokoni na kitu kimoja. Beba vitu viwili au vitatu. Kama huna, ungana na jirani.

Mama B akishirikiana na jirani bodaboda moja ya mizigo, kila mmoja analipa 2,000 badala ya 4,000. Akibeba mihogo ya kuchemsha na chai kwenye chupa kutoka nyumbani, ile 2,000 ya chakula inabaki mfukoni. Kwa Jumamosi nne hiyo ni 16,000, zaidi ya faida yake ya Jumamosi nzima! Na hajaongeza hata nyanya moja shambani.

Na siku ukiwa na beseni moja tu, jirani hayupo, na mtoto anaumwa? Muuzie dalali bila aibu. Lakini umuuzie ukijua bei ya sokoni, kwa sababu wewe ulikwenda na karatasi yako. Dalali anaposema 5,000, utamjibu kwa hesabu, si kwa hasira.

PANDA KWA ZAMU

Mteja wa wikendi anataka kukukuta. Akikukuta Jumamosi hii na akukose tatu zinazofuata, atapata mama mwingine, na huyo ndiye atakuwa mama yake wa mboga. Kwa hiyo usipande kila kitu siku moja.

Wengi wetu tuliofika miaka ya karibuni tuna kiwanja cha mita 30 kwa 30, na nyumba iko humohumo. Si kikubwa, lakini kinatosha kwa mboga kama kimepangwa. Lengalenga inakuwa tayari kwa wiki tatu hadi sita. Ukigawa tuta lako sehemu tatu na kupanda sehemu moja kila baada ya wiki mbili, utakuwa na mboga karibu kila Jumamosi. Sukuma wiki inachukua kama miezi miwili kuanza kuchumwa, lakini ikishaanza unachuma majani ya chini kwa miezi mingi. Nyanya zinahitaji kama miezi mitatu tangu kuhamishwa kitaluni. Vitunguu vinachukua miezi mitatu hadi mitano, lakini vikikaushwa vizuri havikuharakishi, vinaweza kungoja bei.

Kumbuka pia mvua zetu ni mbili, za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba. Wakati wa mvua kila mtu ana mboga na bei inalala chini. Juni, Julai na Agosti mboga inakuwa haba na bei inaamka. Anayeweza kumwagilia hata magunia manne ya mboga mlangoni, kwa maji yaliyooshea vyombo au mchele, ndiye atakayeuza wakati wenzake hawana. Gunia moja ukilijaza udongo na samadi, ukaweka mawe katikati ya kupitishia maji na kutoboa matundu ubavuni, linabeba miche mingi kuliko unavyodhani.

JIONI YA IJUMAA

Mboga inaharibika kwa jua na kwa kubanwa. Chuma lengalenga na sukuma wiki Ijumaa jioni jua likishuka, au Jumamosi alfajiri. Ziweke kivulini juu ya gunia lenye unyevu, usizibane ndani ya kavera. Ukinyunyiza maji, yawe maji safi. Maji machafu yanapeleka kuhara na kipindupindu kwenye nyumba ya mteja wako.

Nyanya chuma zile zilizoanza kugeuka rangi, zisiwe zimeiva kabisa, maana barabara ni mbaya na bodaboda haina huruma. Zipange kwenye beseni au kreti, ngumu chini na laini juu. Iliyopasuka itoe, la sivyo itaozesha wenzake. Na kama umepuliza dawa, soma kibandiko. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Nyanya yenye vumbi jeupe la dawa usiipeleke sokoni. Watoto wanaila mbichi njiani.

Kwa wenye mahindi makavu, kipimo rahisi ni chupa ya kioo iliyokauka. Weka punje kidogo na chumvi kavu, tikisa vizuri, acha dakika chache. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Mahindi mabichi yanaota ukungu ambao una sumu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika.

SIKU YENYEWE

Fika mapema. Kaa mahali palepale kila wiki ili watu wakujue. Tandika turubai au gunia safi, usiweke mboga kwenye mavumbi. Panga mafungu yafanane. Mtu akiona fungu moja kubwa na jingine dogo kwa bei moja, anaanza kushuku. Anayeuza maharage kwa kopo asitumie kopo lililobonyezwa kitako. Utapata faida ya punje kumi na kupoteza mteja wa mwaka mzima.

Jifunze kuuliza na kujibu bei kwa lugha za watu. Kinyarwanda wanasema "Ni angahe?" Kiganda wanasema "Mmeka?" Ukijua hesabu ya kuanzia mia hadi elfu tano kwa lugha tatu, umeshaongeza wateja bila mtaji.

Na kuhusu kubembelezana bei, usiogope, ndiyo soko lenyewe. Mara nyingi mazungumzo yanakwenda hivi:

– Mama, nyanya bei gani?
– Karibu dada yangu. Fungu elfu moja.
– Elfu? Punguza bwana, kule wanauza mia nane.
– Dada, bei ni hiyo. Lakini wewe ndiye umenifungulia soko leo, nakuongeza mbili.
– Haya, nifungie mafungu mawili.

Umeona? Bei haikushuka, alitoa nyongeza. Ukishusha bei asubuhi, wote waliosikia watataka hiyohiyo. Nyongeza inamfurahisha mmoja, na wiki ijayo anarudi. Lakini jioni, kitu kinachooza usikishikilie. Fungu la mia tano lililouzwa ni bora kuliko la elfu lililooza.

Mkopo je? Mteja unayemfahamu anaweza kusema, "Mama, nitakuletea Jumatatu." Ni vigumu kukataa jirani. Weka mpaka wako mapema, kwa mfano mafungu mawili tu kwa mtu, na asiyelipa la kwanza hapati la pili. Andika mbele yake. Hakuna ubaya, hata yeye anasaidiwa kukumbuka.

Waumini Wasabato hawauzi Jumamosi, na wengine wana ibada Jumapili. Hapo ndipo ushirikiano unapofaa. Jirani akuuzie siku yako ya ibada, nawe umuuzie siku yake.

PESA IKIFIKA NYUMBANI

Hapa ndipo familia nyingi zinapogombana. Mama anarudi amechoka, baba anauliza, "Pesa ya nyanya imekwenda wapi?" au kinyume chake, baba ndiye aliyeuza mahindi na mama hajaona kitu. Dawa yake ni daftari. Jioni hiyohiyo, kabla pesa haijaanza kutembea, kaeni pamoja mezani au mkekani. Andikeni mistari mitatu: tumeuza kiasi gani, tumetumia kiasi gani, kimebaki nini. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuandika. Kwake ni zoezi la hesabu, na kwenu ni ushahidi.

Kisha gawanyeni kinachobaki. Kwanza mbegu za msimu ujao. Tunasema kwanza, kwa sababu mbegu ikiliwa, soko limekufa. Pili mahitaji ya nyumbani na ya shule. Tatu akiba, hata kama ni 2,000 tu kwa wiki, kwenye kikundi cha akiba au likelemba ya watu mnaoaminiana. Haba na haba hujaza kibaba.

Na tunaomba jambo moja kwa moyo wote: msiuze chakula cha watoto. Kinachokwenda sokoni ni ziada. Wakati wa mavuno bei iko chini, na anayeuza maharage yote Januari kwa bei ya kutupa atayanunua Aprili kwa bei mara mbili. Kabla ya kupakia gunia, pimeni kwanza ya kula hadi mavuno mengine na ya kupanda. Yawekwe pembeni, yafungwe, yasiguswe.

Watoto nao wana sehemu yao. Kusaidia Jumamosi asubuhi si vibaya, wanajifunza maisha. Lakini siku za shule ni za shule. Msimwache mtoto peke yake na pesa za mauzo, na binti asiachwe auze hadi giza. Faida ya mafungu matatu ya jioni hailingani na hatari ya njiani.

KWA UFUPI

1. Nenda kwanza mikono mitupu, na karatasi.
2. Uza kinacholiwa na majirani zako.
3. Usibebe kitu kimoja, safari ni ileile.
4. Panda kwa zamu ili uonekane kila wiki.
5. Hesabuni pamoja jioni hiyohiyo, mbegu kwanza.
6. Chakula cha watoto hakiendi sokoni.

Wasomaji wapendwa, hatusemi kwamba beseni la nyanya litarudisha mgao uliokatwa. Halitarudisha. Lakini familia inayojua imepata nini na imetumia nini inaweza kupanga wiki ijayo, na kupanga ni mwanzo wa kusimama. Mwenye swali la hesabu aje darasa la jioni na daftari lake, tutapiga pamoja hesabu ya shamba lake mwenyewe. Tunawatakia msimu mwema, na soko jema Jumamosi hii.

Walimu wa kujitolea, darasa la jioni